Karanga za Bosi

Miezi mitatu Thadei alisomba makaa ya mawe kutoka Mbinga hadi bandari ya Mtwara, akipita nyumbani kwake Songea kama mgeni. Alimpigia mkewe Lidwina honi tu, huyoo Namtumbo. Bosi, bingwa wa kiti cha kuzunguka, alijua siku ya kumwaga oili ya kila lori. Dereva akilalamika kuchoka, aliambiwa atafune karanga, usingizi utakata.

Leo Thadei alisimama nyumbani, mtaa wa Majengo, akanawa, akaketi kula ugali na dagaa wa Nyasa. Tonge la tatu, simu ikaita. Kidude cha kufuatilia gari kilishamchongea.

"Gari lina nini?" bosi alifoka. "Mbona limesimama?"

"Gari zima kabisa, bosi. Njoo uliendeshe. Ufunguo anao Lidwina, karanga nimekuachia kwenye dashibodi."