Simu Mpya Niliyomwonyesha Baba Mkwe

Nianze kwa kukiri, ili anayetaka kucheka acheke mapema tuendelee: yule mwanamke aliyejibanza nyuma ya mikungu ya ndizi katika soko la Kyela mjini, kichwa ndani ya kanga na makalio nje, huku watu wakimtazama mubashara kwenye simu zao, ni mimi. Wapo wanaosema ni mtu anayefanana nami tu. Nawashukuru kwa huruma yao, lakini ni mimi.

Mnakumbuka wiki ile simu kubwa ya mwaka ilipotangazwa huko ng'ambo. Hata sisi wa Busale, ambao mtandao tunaupata kwa kupanda kichuguu, tulikuwa na maoni. Mmoja aliandika kwamba kamera zake zimejipanga kama macho ya buibui, mwingine akasema ni ile ile ya mwaka jana imeogeshwa, mwingine akaapa kuuza shamba la kakao aipate (namfahamu, hana shamba). Mimi na mume wangu Lusekelo tulibishana asubuhi nzima tukianika mpunga. Yeye alishikilia kwamba mwenye macho huijua simu mpya akiishika tu. Mimi nikasema watu hawasifii simu, wanasifia habari, mpe mtu kitu chochote mwambie kimetangazwa juzi, atauona upya wake.

"Thibitisha," akasema.

Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza nigeuze mpunga.

Badala yake nikachukua simu ya akiba ya Lusekelo, kongwe, aliyopewa na baba yake (na mzee aliitoa kwa manung'uniko, kwamba chaji yake inakata roho kabla mahubiri hayajaisha), nikaifuta mpaka ikang'aa, na kwa kuwa mgongoni ilikuwa na mikwaruzo mibaya ya uzee nikaivalisha kava jeusi jipya. Alhamisi nikaenda nayo sokoni. Ningewapa watu waishike, niwaambie ndiyo hiyo mpya, niwarushe mubashara kwa simu yangu mwenyewe, wakishaisifia niwafichulie.

Lakini kabla hatujafika sokoni lazima niwaeleze jambo la nyumbani, maana bila hilo mtaniona mjinga tu, na mimi nataka mnione mjinga kwa sababu sahihi. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hukwepana. Familia nyingi zimeshaacha. Ya Lusekelo haijaacha. Miezi tisa tangu niolewe sikuwa nimemtazama baba mkwe usoni, sikuwa nimesema naye neno, wala kitu hakikuwa kimetoka mkononi mwangu kikaingia mkononi mwake. Nikisikia kengele ya baiskeli yake natumbukia kwenye mikakao, hata kama nina ndoo ya maji kichwani, na yeye akiona kanga yangu kwa mbali hugeuza shingo kama mtu anayesoma mawingu. Nilimjua kwa kikohozi chake na kwa mabuti yake ya mpira ya kijani, basi. (Picha za harusi? Mimi nimeinama katika zote, na yeye amesimama mwisho kabisa, nusu ya uso imekatwa.) Na neema ilikuwa inakaribia: Jumapili ya wiki ile ile alikuwa amekubali kuja kwetu kunifungulia, yaani kupokea zawadi yangu mbele ya wazee na kutangaza kwamba kukwepana kumekwisha, ili nami nianze kupita njia kuu kama binadamu wengine. Jogoo wa siku hiyo alikuwa tayari amefungwa kamba uani.

"Mwanangu," mama mkwe aliniambia, "hadi Jumapili usifanye lolote. Hata chafya, pigia ndani."

Sokoni mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Muuza usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, aliishika ile simu kongwe akasema ni nyepesi mpaka anaogopa itapaa. Mtumishi mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, kijana wa tai, aliipigia picha nyanya akatamka, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba wekundu wa namna hii simu za zamani hazikuwa nao. Vicheko vikamiminika kwenye kioo changu, maana watazamaji nilikuwa nimewadokeza siri, nami nikalewa. Sikutazama tena watu, nilitazama kioo, na kwenye kioo nilichukua mikono tu, ili mtu asije kunilaumu kwamba nimeanika uso wake.

Nikafika kwa Mama Tumpe, jirani yetu wa Busale anayeuza ndizi. Kwenye kioo changu ukaingia mkono wa mzee, mkavu, wenye saa ya mkanda wa ngozi. Chini nikaona makubazi mapya. Watu waliotuzunguka wakanyamaza ghafla, na mimi nikadhani wananyamazia simu.

"Shikamoo mzee," nikasema kwa sauti yangu ya utangazaji. "Hii ndiyo iliyotangazwa juzi. Unaionaje?" Nikampa. Mkononi.

"Marahaba, binti," akajibu (naye, maskini, alikuwa anakijua kisogo changu tu). Akaipima uzito, akaielekeza kwenye milima ya Livingstone. "Hii sasa ndiyo simu. Tazama inavyoona kila kijiti kule juu. Mimi nilikuwa na takataka moja, nikampa mwanangu aniondolee nuksi. Waliotengeneza ile wangekuja kujifunza kwa hawa."

Mama Tumpe akanivuta kanga. Nikaukung'uta mkono wake. Akanivuta tena.

"Mwali," akanong'ona, "unajua unaongea na nani?"

"Na mwananchi," nikasema.

Mwananchi wakati huo alikuwa amelivua lile kava aone mgongo. Ile mikwaruzo niliyodhani ni ya uzee kumbe ilikuwa herufi za jina lake, alizichora mwenyewe kwa msumari, zamani simu zilipokuwa zikichanganyika kwa mchajishaji. Akazifuata kwa kidole, moja moja.

"Mama Tumpe," akasema taratibu, "hii simu nilimpa Lusekelo. Huyu binti ameipata wapi?"

Mama Tumpe akapanga ndizi zake. "Chumbani kwake, baba. Wanalala humo wote wawili."

Mzee akakohoa.

Kikohozi kile ningekitambua hata kaburini. Nikainua macho kabla akili haijanizuia, nikauona uso wa baba mkwe wangu mzima, mchana kweupe, naye akauona wangu, na sote wawili tukakimbia bila kwenda mbali: yeye akageuka akalitazama bati la soko, mimi nikapiga mbizi nyuma ya mikungu na kujifunika kanga. Simu yangu ikaanguka kioo juu, ikaendelea kurusha.

"Mama Tumpe," nikamsikia akisema, "mwambie aliyeko nyuma ya ndizi kwamba yale ya kamera nimeyafuta."

"Anasema ameyafuta," Mama Tumpe akaniambia, ingawa tulikuwa hatua mbili tu.

"Mwambie baba naomba radhi, sikumjua."

"Anasema hakukujua, baba."

"Mwambie hata mimi. Na niliposema takataka nilikuwa na maana ya chaja."

"Chaja, anasema."

"Mama," muuza usipa akadakia kutoka upande wa pili, "mwambie na mimi nimeufuta ule wepesi."

Soko zima likalipuka. Mama Tumpe akainama mpaka nikaona meno yake. "Na wewe," akaninong'oneza, "simu yako inaonyesha bado. Wanauliza huko ndani mzee anaiuza bei gani."

Jumapili mzee alikuja, na wazee wenzake wawili. Mimi nilikaa nyuma ya mlango wa jiko nikisikiliza vijiko vikimmaliza jogoo wangu. Baadaye mama mkwe akaingia akafunga mlango.

"Hakufungulii," akasema. "Mpaka mavuno ya mwakani. Hana hasira, ila umeuona uso wake kabla ya siku yake. Anataka uusahau kwanza, ndipo uanze upya."

"Na simu?"

"Ameichukua. Anasema kamera yake kweli nzuri."

Lusekelo alikiri kwamba ubishi nimeushinda, na sijapata kushinda kitu chenye hasara kama hicho. Nami najitahidi kusahau kama nilivyoagizwa, ila ule uso ni wa Lusekelo mtupu, umeongezwa mvi tu, nauona kila asubuhi kabla sijanawa. Simu nyingine itatangazwa, najua, na watu watapanda tena kichuguu. Mimi nitakuwa uani nageuza mpunga, na ukija kuniuliza naionaje, sijaiona, na wewe mwenyewe sijakuona.