Asali Katika Chupa ya Oili

Mtani hakasirikiwi. Ndiyo mila, nami niliichukia sana wakati ule tulipotia pistoni mpya kwenye msumeno wa mashine wa marehemu mume wangu.

Mume wangu alikuwa Mnyamwezi wa Kigwa, mpasua mbao. Mwenzake kazini alikuwa Mzaramo wa mtaa wa Ng'ambo mjini kwetu, ambaye babu yake alikuja Kwihara na misafara ya wapagazi, akaonja asali yetu, asirudi tena pwani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu misafara hiyo, na hawa wawili waliutia utani pilipili mpaka ukawasha. Kwa miaka mingi walipasua mininga kwa msumeno wa mikono. Gogo hulazwa juu ya shimo. Mume wangu alisimama juu, mtani chini shimoni, akivuta na kumeza unga wa mbao. Kifua kikamharibika. Daktari akamwambia akiendelea kushuka humo, siku moja atatolewa maiti. Ndipo mume wangu akahangaika mpaka akaupata ule msumeno wa mashine kwa mkandarasi Mgiriki aliyekuwa akifunga kazi zake, ili mwenzake asishuke tena.

Sasa sikia alichofanya huyo aliyehurumiwa. Mashine ile ilikunywa petroli iliyochanganywa na oili. Mtani akaificha chupa ya oili, akaweka mahali pake chupa kama hiyo yenye asali ya miombo, nyeusi vilevile, akangoja mume wangu ashtuke wacheke. Mume wangu na haraka zake akaimimina yote kwenye debe bila kuangalia. Asali ikazama chini, petroli tupu ikaingia kwenye mashine. Kabla ya adhuhuri pistoni ilikuwa imekwaruzika na kung'ang'ania ndani ya silinda.

Tuliagiza nyingine Dar es Salaam. Tukawa tunaingoja treni iilete. Alasiri moja nikamkuta mtani akizoa majani makavu katika lile shimo la kupasulia mbao.

"Shemeji, unafanya nini humo?"

"Nasafisha ofisi yangu, shemeji."

Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, akajishika ukingo wa shimo. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kulia.

Pistoni ilipofika, mume wangu alikuwa amekwisha kuisugua silinda kwa msasa hadi ikalainika. Akaitumbukiza pistoni kwenye maji ya moto, tena ndani ya sufuria yangu ya wali, ili itanuke, ile pini ya kuifunga kwenye mkono wa mashine ipite. Pini ikapita. Kazi ikabaki kwenye ringi, zile pete nyembamba zinazoizunguka pistoni. Lazima zibanwe kwa vidole huku silinda ikishushwa juu yake. Ringi ni kavu kama kigae; ukiilazimisha inavunjika, na hatukuwa na ya akiba.

Mtani akanyoosha mikono. Kabla hajazishika ringi, kikohozi kikamrudia.

"Toa mikono hiyo," nikamwambia. "Nimesuka vichwa vya nusu ya Kigwa, hizi zitanishinda?"

Nikabana. Mume wangu akashusha silinda, ikakwama.

"Polepole, baba watoto."

Akaizungusha kidogo, kama mtu anayeamsha mtoto. Ikateleza mpaka chini. Akakaza parafujo zote.

Akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena, mashine ikakohoa. Alipovuta mara nyingine ikanguruma, moshi ukatupiga usoni, na mtani akaugeukia ukuta wa nyumba akilia waziwazi. Nilimpenda wakati ule, mpumbavu yule. Mume wangu akaizima mashine. Akachukua koleo, akaenda kulifukia shimo.

"Ofisi imefungwa," akasema.

Mume wangu ndiye aliyetangulia. Kwetu, siku ya maziko mtani hushuka kaburini kabla ya maiti, akalala humo na kukataa kutoka, watu wacheke katikati ya msiba. Yule wetu alikuwa mzee tayari, wakamsihi aache. Akashuka, akalala chali.

"Bwana huyu alinikataza kushuka shimoni," akapaza sauti. "Leo nimeshuka. Haya, aje anitoe!"

Watu wakacheka. Yeye akabaki pale chini, macho yakitazama juu, akingoja, mpaka mimi nilipoinama nikampa mkono.