Kadi Iliyoruka Mdomo

Kule Vidunda, mwanamke kupiga mluzi ni jambo la kumtia mama mkwe wake aibu, na Coletha alimtia wake aibu kwa miaka yote ya ndoa. Hakuwa na namna. Shamba la Casmir, mumewe, lilikuwa ng'ambo ya korongo, kwenye mteremko ambao hata mbuzi hufikiri kwanza kabla ya kukanyaga, na nyani wa milima ile wana akili kuliko baadhi ya watu nitakaowataja humu. Ukiwapigia kelele za kawaida wanakutazama tu, wanaendelea kumenya mahindi yako. Mluzi wa Coletha ndio hawakuuzoea. Alibana ulimi nyuma ya meno mawili ya mbele, ya juu, akasukuma pumzi, na sauti ikatoka kali ikavuka korongo. Nyani walikimbia wakiyaacha hata mahindi waliyokwisha kuyavunja.

"Mluzi unaita nyoka," mama mkwe alimwambia mara nyingi.

"Mama, nyoka sijamwona bado. Nyani ndio nawaona wakiondoka."

Kwa mluzi huo huo alimwita Casmir aje kula, na alimwita Jenipher, binti yao wa pekee, atoke kisimani. Casmir alikuwa mpole, mtu anayeongea kama vile analipia maneno, na watu walisema Mungu alimpa mke mwenye sauti ya watu wawili ili nyumba isipooze. Coletha hakukasirika kusemwa hivyo. Alijua sauti yake ni mali, kama jembe lilivyo mali.

Miaka hiyo ilikuwa ya soko huria. Waliokuwa wakubwa wakati ule wanakumbuka: sukari iliyokuwa ikitafutwa kwa foleni na kwa kumjua mtu ilianza kuuzwa hadharani, na vijana wa Kidodi wakawa wanapandisha mlima wakiwa wamebeba makatoni kichwani. Zilipanda pipi, biskuti, jojo na soda za kila rangi. Watu walishangilia, na sioni kwa nini tusingeshangilia baada ya kunywa uji wa chumvi muda mrefu vile. Lakini kila kitu kilipanda mlima ule isipokuwa mtu wa kutibu meno. Waliofungua milango ya maduka ndio hao hao walioleta uchangiaji hospitalini, kwamba sasa mgonjwa aje na fedha yake mkononi. Mlango mmoja ulifunguka, mwingine ukafungwa, na sisi tukaambiwa hayo ni maendeleo.

Jino la Coletha lililoanza kuuma lilikuwa la mbele, moja ya yale mawili ya mluzi. Muuguzi wa zahanati alilimulika kwa tochi akasema kuna kitobo kidogo, kikizibwa mapema jino litakaa mpaka uzeeni, ila wao hawazibi. Coletha akaweka karafuu, akaendelea kulima.

Ndipo akaja Oswald, afisa wa mfuko wa afya ya jamii, kutoka wilayani. Aliwakusanya watu uwanja wa shule akamwaga sera. Familia ikitoa ada ikajiunga na mfuko, alisema, inapata kadi moja yenye picha ya wote, na baba, mama na watoto wanatibiwa mwaka mzima kwenye kituo cha afya cha kule barabarani bila kuulizwa fedha.

Coletha akanyoosha mkono. "Bwana afisa, magonjwa gani?"

"Yote, mama."

"Yote kabisa?"

"Mama, nimesema yote," Oswald akajibu, na watu wakacheka kwa sababu alivyosema ilionekana Coletha ni mgumu wa kuelewa.

Neno hilo Coletha alilibeba kama yai. Casmir alikuwa na wasiwasi, akasema wasije wakauziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini Coletha alimkumbusha kwamba mtu mzima amesema mbele ya mkutano, tena mara mbili. Akapita nyumba kwa nyumba akiwashawishi majirani, na wengi walijiunga kwa kumwamini yeye, si Oswald. Siri yake ilikuwa moja tu, wala haikuwa siri: alitaka jino lizibwe kabla halijaharibika.

Siku ya picha jino lilikuwa limeamka. Mdomo wa juu ulivimba, shavu la kushoto likajaa, jicho likabaki mstari. Mpiga picha aliuliza kama wangoje mama apone, Oswald akasema apige tu, gari linaondoka. Kadi zilipokuja, watu wote walicheka. Casmir alikuwa amekakamaa, Jenipher ana sare ya shule, na katikati yao mwanamke ambaye ungedhani ameng'atwa na nyuki wa mzinga mzima. Coletha naye alicheka.

"Acha iwe hivyo," alisema. "Watauona ugonjwa hata kabla sijaueleza."

Kesho yake aliteremka alfajiri kwa miguu hadi Kidodi, akapanda lori mpaka kituoni. Dirishani alimkuta karani aitwaye Magreti, mwanamke wa rika lake, wakasalimiana vizuri. Magreti akapokea kadi.

"Unasumbuliwa na nini, mama?"

"Jino."

Magreti akaisukuma kadi nje kwa kidole kimoja. "Meno hayamo."

"Hayamo wapi?"

"Kwenye mfuko. Kadi inahusu malaria, kuhara, kikohozi, uzazi, vidonda. Meno ni ya kulipia."

"Hiki nacho ni kidonda. Kiko mdomoni."

"Kikiwa mdomoni ni cha meno."

"Hebu itazame picha mliyonipiga wenyewe. Huo uvimbe mliuona, mkaugongea muhuri."

Magreti aliitazama picha, akamtazama mwenye uso, akainamia karatasi zake. Alivaa miwani ya mbao, kama wafanyavyo watu waliochoka kusema hapana wasiyoitunga wao. Simlaumu sana. Ninayemtafuta ni yule aliyekaa kitini mahali fulani, akachora mwili wa binadamu, akaamua kwamba goti ni mtu, tumbo ni mtu, kidole cha mguu ni mtu, ila jino ni anasa. Naamini mtu huyo ana meno yake yote, na jino likimtoboka huenda kuliziba.

Chumba cha meno kilikuwa mwisho wa korido. Tabibu wa mle alimwangalia Coletha kwa makini, kijana mwenye mikono laini na adabu.

"Linazibika?" Coletha aliuliza.

"Linazibika, mama, hata sasa. Mzizi unasafishwa, halafu linazibwa. Ila ni Morogoro, na ni fedha taslimu."

"Na hapa?"

"Hapa tunang'oa."

"Mtu akija anaumwa goti, mnakata mguu?"

Kijana alianza kuosha mikono. Alifundishwa kuziba, akapewa koleo.

Coletha alirudi mlimani na jino lake. Casmir akasema atauza mbuzi, waende Morogoro. Lakini mbuzi hawanunuliwi msimu wa njaa, na usaha hauna subira. Homa ikapanda, uvimbe ukakaribia jicho, na mama mkwe, yule yule wa nyoka, akalia akimwomba mkwewe akubali ling'olewe. Wakamteremsha kwa machela. Kijana wa mikono laini akaling'oa, na Coletha akalipia kung'olewa kitu alichojiunga na mfuko ili kisitoke.

Alipopona alivuka korongo. Nyani walikuwa shambani. Akabana ulimi mahali pake pa siku zote, akasukuma pumzi, na hewa ikapita kwenye pengo pamoja na mate. Akajaribu tena. Nyani mmoja aligeuka, akamtazama, akaendelea kumenya. Coletha alikaa chini kwenye udongo akalia kwa hasira, na nataka ieleweke kwamba ilikuwa hasira, kwa sababu huzuni angeweza kuivumilia. Baadaye akaanza kubeba debe na fimbo. Debe ni zito kwenye mteremko ule, na sauti yake inaishia katikati ya korongo.

Majirani nao hawakumwacha. "Mama Jenipher, si wewe uliyetuambia yote?" walimwuliza kisimani, wengine kwa utani, wengine bila utani. Oswald alikuwa amewapaka wote mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini chupa aliishika Coletha.

Kisha akaugua malaria. Ugonjwa huo kadi iliuhusu, akajikongoja na Casmir mpaka dirishani akitetemeka. Magreti akaitazama kadi, akamtazama.

"Huyu wa kwenye picha si wewe."

"Ni mimi."

"Huyu ana uso mnene. Watu wanaazimana kadi, mama, tumekatazwa."

"Huyo ni mimi nikiwa na jino. Huyu ni mimi baada ya kunikatalia."

Waliokuwa kwenye foleni walicheka, na ni kweli inachekesha ukiwa huna homa. Mpaka Casmir alipotoa ushahidi, na yule kijana wa meno akaitwa kuthibitisha kwamba anaukumbuka mdomo huo, Coletha alikuwa amekwisha kulala kwenye sakafu ya korido. Alitibiwa. Dawa alipewa bure kama ilivyoahidiwa.

Wakati huo Jenipher alikuwa amejifunza mluzi. Hakufundishwa. Siku moja Coletha alikuwa anapiga debe, akasikia sauti yake mwenyewe ya zamani inatoka upande wa pili wa korongo, na nyani wakatimka. Binti alikuwa amesimama juu ya jiwe, anacheka. Tangu hapo Jenipher ndiye aliyelinda shamba baada ya masomo, na bibi yake akaacha kabisa habari za nyoka.

Mwaka ulipoisha, Oswald akarudi na mpiga picha wake. Coletha alikuwa ameapa kuichoma ile kadi, lakini Casmir alisema malaria haitawangoja wamalize ugomvi. Asubuhi ya siku hiyo alimkalisha Jenipher kumsuka, ili atoke vizuri kwenye picha. Binti akapiga mwayo. Kwenye jino la mbele, la juu, kulikuwa na nukta nyeusi. Coletha alishika chanuo hewani. Akamaliza kusuka.

Uwanjani Oswald alikuwa amefika kwenye maneno yale yale ya mwaka jana, baba, mama na watoto, mwaka mzima. Coletha akasimama bila kunyoosha mkono.

"Bwana afisa, mwaka huu meno yamo?"

"Mama, suala hilo linafanyiwa kazi."

"Kwa hiyo hayamo."

"Nimesema linafanyiwa kazi."

"Mwaka jana ulisema yote, mimi nikawapelekea watu neno lako nyumbani kwao. Leo sema mwenyewe, wasikie kwako."

Oswald alikohoa, akatazama gari lake. "Kwa sasa," alisema, "meno hayamo."

Ikafika zamu yao ya picha. Coletha alikaa katikati kama mwaka uliopita, akamvuta Jenipher karibu, akamwambia, "Panua mdomo." Naye akapanua wake, pengo likawa wazi.

"Mama, picha ya kadi haipigwi hivyo," mpiga picha alisema.

"Funga mdomo, mama," Oswald alidakia.

"Mwaka jana nilifunga. Mlinipiga nimevimba, mkaniambia uvimbe haumo. Nikaja bila uvimbe, mkaniambia mimi simo. Piga hivi, nisije nikasahaulika."

Mpiga picha alimgeukia Casmir, kama watu wafanyavyo wakitafuta mwanamume wa kumtuliza mwanamke. Casmir alifikiri kidogo. Halafu yeye naye akapanua mdomo, na kijiji kikaona kwa mara ya kwanza kwamba magego yake yalikuwa yamekwisha, kimya kimya, moja baada ya jingine, bila kumwambia mtu. Gari lilikuwa linangoja. Mpiga picha akapiga.

Jino la Jenipher lilianza kumwamsha mahindi yalipokuwa yanabeba. Mluzi wake ukawa unakatika katikati, kwa sababu pumzi ikigusa jino lilikuwa linachoma. Coletha akachukua kadi, akamshika binti mkono, wakateremka.

Magreti alimtambua kabla hajafika dirishani. Akaipokea kadi, akaifungua, na mle ndani midomo mitatu ikamtazama.

"Shikamoo," Jenipher alisema.

"Marahaba, mwanangu." Kisha kwa sauti ya chini, kwa mama yake, "Jino?"

"Hilo hapo," Coletha alisema, akiweka kidole juu ya picha. "Hiyo nukta. Picha hii ilipoletwa kwenu, kitobo kilikuwa kama punje ya ulezi. Nakala yake mmekaa nayo kabatini tangu mwaka uanze. Panua, mwanangu, aone kilivyo leo."

Jenipher alipanua. Jino lilikuwa limeliwa nusu.

"Mama Jenipher," Magreti alisema, "unajua jibu langu."

"Nalijua. Leo usiniambie mimi. Mwambie yeye, na umtazame mdomoni unapomwambia."

Magreti alimtazama mtoto. Akafungua kinywa, akakifunga. Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu na hakuna aliyesukuma. Jenipher alibaki amepanua, kwa sababu hakuna aliyemwambia afunge, na mwisho wa korido mlango wa chumba cha meno ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na kiti, beseni na koleo.