Chombo cha Anga kwa Kiberiti Kimoja

Kitabu kilikuwa na kurasa mia tatu na kumi na mbili. Najua kwa sababu nilizitoa mimi mwenyewe kwenye printa ya steshenari ninapofanya kazi, Ngamiani, na printa ile ikifika ukurasa wa hamsini hutaka ipumzishwe kama mtu mzima. Binamu yangu alinitumia faili kutoka chuoni, akasema akija likizo Tanga tutacheza mchezo wa safari za anga. Nikazitoboa kurasa zote, nikazitia waya, nikaweka jalada la plastiki la bluu. Furaha niliyokuwa nayo siku hiyo ilikuwa ya kijinga kabisa.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe hauna ubao. Mnakaa mezani, au mkekani kama sisi. Mmoja ni msimulizi: anasema mko wapi na nini kimetokea. Mko ndani ya chombo, mwezi uko mbele, taa nyekundu imewaka. Wengine ni wasafiri, kila mtu anasema yeye anafanya nini. Mahali ambapo hamjui jambo litafanikiwa au la, mnarusha dadu na kanuni zinaamua. Ni hadithi ambayo hata anayeisimulia hajui itaishaje. Mimi niliishia kidato cha pili, lakini hilo nililielewa mara moja, na nikalipenda kama wengine wanavyopenda mpira.

Tulikuwa watatu: binamu, mimi, na rafiki yangu anayefanya kazi shamba la mkonge nje ya mji. Yeye yuko kwenye korona, ile mashine inayokamua majani ya mkonge na kubakiza nyuzi. Tunamwita Fundi. Urafiki wetu ulianzia dukani. Alikuja na fomu, akaniomba nimjazie kwa sababu amesahau miwani. Mara ya pili akasahau miwani tena. Mara ya tatu nilikuwa nimeshaelewa, nikawa naichukua fomu kabla hajafungua mdomo. Hatukuwahi kulizungumza. Ila nilipokuwa naandika yeye alikuwa anasimulia, na sijapata kusikia mtu anayesimulia kama yule. Atakueleza mkanda wa mashine ulivyokatika mpaka ujikute umeivuta miguu yako chini ya kiti.

Jumapili ya kwanza tulikaa sebuleni kwa shangazi, ninapoishi. Shangazi mwenyewe alikuwa ameenda arusini. Binamu akatugawia karatasi zenye visanduku zaidi ya arobaini, vyote vimeandikwa Kiingereza.

"Jazeni," akasema.

Fundi aliishika ya kwake kwa mikono miwili, kama amepewa mtoto wa mtu. "Naweza kwenda kuijazia nyumbani?"

"Nyumbani kufanya nini, kaka? Tunaanza sasa hivi."

Nikaivuta karatasi yake nikajifanya nataka kuona kalamu kama inaandika, nikamjazia. Alitaka kuwa fundi wa injini ya chombo. Binamu akarusha dadu, akafunua kitabu, akajumlisha, akafunua tena.

"Elimu umepata mbili. Injini inataka nane. Haiwezekani."

"Kwa hiyo mimi nani?"

"Mpakiaji mizigo."

Fundi akacheka. "Basi hata angani nabeba mzigo."

Tukacheka wote. Na mimi nilicheka, na kicheko hicho ndicho nilichokuja kukijutia baadaye. Saa mbili zilizofuata tulijumlisha namba, hakuna aliyekwenda mwezini wala popote. Fundi akapanda baiskeli yake akaondoka bila kusimulia chochote.

Jumapili ya pili hakuja. Alituma ujumbe wa sauti kwamba yuko zamu. Korona ile haizunguki Jumapili, mji mzima unajua.

"Mwache," binamu akasema. "Mchezo huu si wa kila mtu."

"Basi tutatafuta ulio wa kila mtu."

"Hakuna. Sayansi ya kubuni bila hesabu ni hadithi ya sungura na fisi."

Nikamwambia sungura na fisi wamekaa kwenye vichwa vya watu miaka mingi bila jalada la plastiki. Akaniita mkaidi. Nikakubali.

Wiki ile, wateja wakipungua, nilikuwa natafuta kwenye simu. Michezo ya anga iko mingi kuliko nilivyodhani, na watu wengine wameitunga mifupi. Mmoja ulikuwa na kurasa sita, nikauonea huruma kuukataa, lakini kurasa tano zilikuwa majedwali ya nyota. Mwingine ulikuwa ukurasa mmoja tu, mzuri, ila kila msafiri lazima asome orodha ya vifaa ndipo achague. Nikauweka kando. Kipimo changu kilikuwa hiki: ukianza kuueleza maji ya chai yakiwa jikoni, yakichemka uwe umemaliza na watu wameshaanza safari. Na hakuna kusoma. Na mtu asiulizwe elimu yake ndipo aruhusiwe kugusa injini, kwa sababu hapa kwetu mashine zote ninazozijua zinatengenezwa na watu ambao hawakuulizwa.

Mteja mmoja alichungulia simu yangu. "Binti, vyombo vya anga? Wewe hata Amani hapo milimani hujafika."

"Nimefika mara mbili," nikamwambia. "Na nakala zako ziko tayari."

Mwisho nikautunga mwenyewe kwa kuokota huku na huku. Kanuni tatu. Ya kwanza, sema unachofanya. Wote wakiona kinawezekana, kimefanyika. Ya pili, wakiwa na shaka, bahati iamue. Ya tatu, ukishindwa, wewe uliyeshindwa ndiye unayesema kimeharibika nini. Hiyo ya tatu niliiweka kwa ajili ya mtu mmoja, na sioni haya kusema.

Nikamfuata shambani alipotoka zamu, nywele zimejaa vumbi la katani.

"Jumapili njoo. Hakuna karatasi."

"Hata moja?"

"Hata ya kufungia karanga."

Akaangalia matairi ya baiskeli yake. "Binamu yako atakubali?"

"Atakubali atake asitake."

"Nitakuja mara moja tu," akasema. "Nikiona yale yale, usinifuate tena. Si kwamba nimekasirika. Sitaki tu kuchekwa kwenye nyumba za watu."

Hiyo ndiyo ilikuwa hatari yenyewe. Nikimkosa Jumapili ile, nimemkosa moja kwa moja.

Kilichobaki kilikuwa bahati yenyewe. Dadu za Jumapili ya kwanza shangazi alizikuta chini ya mto wa kiti, akazishika kwa ncha za kanga. "Dadu nyumbani kwangu haziingii," akasema. "Hatuchezei pesa, shangazi," nikasema. "Kamari zote huanza hivyo hivyo, mnaanza bila pesa." Hakukuwa na rufaa. Nikawaza, nikapata jibu nililoliona la ajabu kwa uzuri wake: simbi. Yale makombe madogo meupe ya pwani yenye mdomo. Unarusha sita, unahesabu yaliyoangalia juu. Hakuna namba zilizochorwa, hakuna dadu, ni vitu vya bahari vya kwetu wenyewe. Nilijiona mwenye akili siku tatu nzima.

Jumapili Fundi akaja, shati limepigwa pasi. Akampa shangazi shikamoo, akaitikiwa vizuri, akavua viatu mlangoni. Nikaeleza kanuni zangu. Binamu alisikiliza amekunja mikono. Chombo chetu kilikuwa kimebeba miche kutoka msitu wa Amani kuipeleka mwezini. Fundi alikuwa fundi wa injini, hakuna aliyempinga. Binamu akasema yeye daktari. Mimi nahodha, na pia msimulizi. Nikasema mbele kuna mawe yanaelea, njia haionekani, tuna shaka. Nikampa Fundi simbi.

Akazitikisa viganjani, akazimwaga mkekani, akainama na kuuliza kwa sauti ya chini kama ya mtu aliye ndani ya chombo kweli: "Tutafika salama, au kuna anayetutakia mabaya?"

Shangazi alikuwa mlangoni na sinia la machungwa.

"Astaghafirullah," akasema. "Nimekataza kamari, sasa mnanipigia ramli."

Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Simbi mkekani kama za mganga, mtu ameinama, anauliza nani anamtakia mabaya. Pwani nzima hakuna mtu mzima ambaye angeona kitu kingine. Binamu akageuka ukutani, mabega yanatikisika kwa kicheko. Shangazi akaweka sinia chini, akaita jirani alete ubani, na jirani akauliza kwa sauti ya kufika barabara ya pili ubani wa nini.

Fundi alikuwa ameshasimama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeleta uchafu kwenye nyumba ya wenyewe. "Mama, samahani sana. Mimi naenda." Na kweli akaenda mlangoni akaingiza mguu mmoja kwenye kiatu.

Naogopa kelele, na shangazi sijawahi kumjibu. Siku hiyo nilimjibu. "Haondoki," nikasema. "Simbi nimeleta mimi, shangazi, ramli sijui hata inavyopigwa. Huyu ni mgeni wako na hajala chungwa hata moja." Nikaingia jikoni, nikarudi na kiberiti. "Tukirusha hiki je? Nacho kina dhambi?"

Shangazi akakitazama kiberiti, akanitazama mimi. Nilidhani nitapigwa.

"Kikilala?" akauliza.

"Umeshindwa."

"Kikikaa ubavu?"

"Umefaulu, lakini kuna kilichoumia."

"Kikisimama wima?"

"Umefaulu kuliko ulivyotaka."

"Sisi utotoni kikisimama tulikuwa tunampiga mwenzetu kofi," akasema. "Msipigane. Na wewe, vua hicho kiatu, utakula machungwa umesimama?"

Fundi akavua. Akakaa ukingoni mwa mkeka, kama mtu ambaye bado hajaamua. Nikaanza upesi kabla hajaamua. Mawe tumeyapita, nikasema, lakini injini imebadilika mlio.

"Umebadilika vipi?" akauliza.

"Sijui. Wewe ndiye fundi."

Akafikiri. "Umeshuka. Umekuwa mzito. Imekula kitu ambacho siyo chakula chake. Nakata moto, naizima kabla haijaumia."

"Kuna shaka," binamu akasema. "Rusha."

Akarusha. Kiberiti kikapinduka hewani mara mbili, kikalala chali.

Nilitamani nikichukue nikisimamishe kwa mkono. Binamu akasema, si kwa ubaya, "Basi, umeshindwa," na mimi nikamwangalia Fundi, na nikaona macho yake yanakwenda kwenye viatu.

"Kanuni ya tatu," nikasema. "Kimeharibika nini?"

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti, anamenya chungwa, hajifichi kwamba anasikiliza.

"Nimekata moto," Fundi akaanza taratibu, "ila nimechelewa. Ile kamba ya katani tuliyofungia miche imemezwa na feni. Nyuzi zimejisokota kwenye beringi, zimeshika moto. Sasa injini imesimama." Akainua mkono tusikilize. "Mashine ikipiga kelele usiogope. Iogope ikinyamaza. Ninyi hamjawahi kusikia kimya cha saa sita mchana, mota imezimika na watu wote wanakutazama wewe. Ndicho hicho. Unasikia majani ya miche yanagusana. Na hewa, pampu ilikuwa inazungushwa na injini hiyo hiyo, inatosha watu wawili." Akamgeukia binamu. "Tuko watatu. Daktari, unasemaje?"

Binamu akajikuna kidevu.

"Miche," akasema. "Miche inatoa hewa. Tuitoe kwenye maboksi, tuitandaze chombo kizima."

"Ukiitoa mizizi itakauka. Wenye mwezi hawataipokea."

"Wasipokee."

"Wewe utawaambia?"

"Nitawaambia mimi."

"Haya. Shika upande ule," Fundi akasema, na binamu yangu wa chuo kikuu akanyoosha mikono kwenye hewa ya sebule kushika boksi ambalo halikuwapo.

Walikuwa wamefika boksi la nne, wanabishana lipite mlango gani, adhana ya magharibi ikaanza. Shangazi akainuka, akamwambia binamu aende akatawadhe. Binamu akasimama, akasita.

"Usiguse kitu mpaka nirudi," akamwambia Fundi.

"Nenda kaswali," Fundi akajibu, akijisogeza katikati ya mkeka na kuchukua chungwa. "Injini imezimwa. Hatuendi popote."