Maziwa ya Kesho

Juzi nilikuwa Mbarara kwa dada yangu. Tulikuwa tumemaliza kula bugali na ndagala, vidole bado vinanuka samaki, mara binti yake akaniletea glasi ya maziwa baridi. "Mama mdogo, kunywa." Niliiangalia ile glasi, halafu nikaangalia friji aliyoiacha wazi. Rafu moja tu: chupa ya maziwa huku, mfuko wa ndagala kule, vimeegemeana, na mle ndani hakuna aliyeshtuka isipokuwa mimi. Rafiki yangu, vuta kiti. Ili unielewe inabidi nikurudishe kwenye Jumamosi na Jumapili moja ya utoto wangu, siku ambazo kikapu cha samaki kilitaka kumkosesha dada yangu mume.

Enzi hizo tulikuwa Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, sisi watu wa Kivu ya Kusini, kwenye nyumba ya udongo na bustani ya mahindi nyuma yake. Aliyetulea ni bibi yetu, koko, kama tunavyosema sisi. Koko alikuwa mfupi, mkavu, na kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko jiwe la kusagia. Akishasema "nimesema," basi, hata mchungaji alinyamaza. Dada yangu alikuwa anacheza ngoma katika kikundi cha vijana, na kijana mmoja wa Mbarara aliyekuwa akija kambini kununua mahindi alimwona, akarudi, akarudi tena, hata wiki ambazo mahindi hayakuwepo. Mwisho akasema anataka kuoa. Baba yake, mzee aliyestaafu jeshi pale Makenke, hakuwa na neno. Shida ilikuwa mama. Yule mama alitoka ukoo wa wafugaji hasa, na alisema hivi: hao watu wa kambini nitawaona kwanza, nikishawaona ndipo nitajibu.

Haya maneno yalipofika kwetu, dada alilia. Koko hakulia. Wiki hiyo kikundi cha dada kilikuwa kimealikwa mjini kwenye sherehe ya utamaduni, na koko akakata shauri palepale. "Kama anataka kutuona, tunaenda. Atuone na macho yake."

Ijumaa nzima nyumba haikupumua. Nilitwanga sombe, majani ya muhogo, mpaka mikono ikafa ganzi, na kinu cha jirani nacho kikijibu kutoka upande wa pili, maana jirani yetu mmoja alikuwa ameamua kutusaidia bila kuombwa. Dada alipiga pasi ya makaa vitenge vyetu, vyote vya rangi moja, kwa sababu kwetu familia ikienda ugenini inakwenda na kitambaa kimoja ili watu wajue hawa ni wa nani. Koko yeye alikaa na ndagala zake. Hizo hazikuwa samaki wa sokoni. Mukene, ndio dagaa wa Uganda, koko aliwaita chakula cha kuku, Mungu amsamehe. Hizi zilitoka ziwa Tanganyika lenyewe, zililetwa na mama mmoja aliyesafiri kutoka Uvira, na koko alikuwa amezificha juu ya dari akingojea siku kubwa. Alizichambua moja moja, zilizovunjika kichwa akaziweka pembeni ziwe za kwetu, nzima akazipanga kwenye kikapu kipya na kukifunga kwa kitenge. "Mkono mtupu haulambwi," aliniambia, ingawa mimi sikuwa nimeuliza.

Jumamosi tulipakiwa kwenye lori la kikundi pamoja na ngoma zao. Zile ndagala zilizovunjika ndizo tulizokula njiani, baridi, na muhogo wa kuchemsha. Tulipita Isingiro, tukapita Kaberebere, migomba kila upande na ng'ombe wenye pembe ndefu wakitutazama kwa dharau, na koko akijifunza salamu ya wenyeji. "Agandi. Agandi." Aliisema mpaka dereva akaanza kumjibu.

Mbarara ile! Kila duka lilikuwa na redio yake mlangoni na kila redio ilikuwa na wimbo wake. Nyama choma, ndizi za gonja kwenye makaa, mafuta ya saluni, moshi wa pikipiki, vyote vilinijia puani kwa mpigo, nikasimama mdomo wazi mpaka koko akanivuta sikio. Uwanjani Warundi wa kwetu Nakivale waliingia na ngoma kichwani wakizipiga huku wanatembea, na kifua changu kikawa kinaitika chenyewe. Wanyankole wakacheza wameinua mikono juu, ndiyo pembe za ng'ombe wao, na miguu inakanyaga udongo kwa heshima. Halafu wakaingia wa kwetu. Dada alikuwa mstari wa mbele. Wee! Mabega yalienda peke yake, kiuno peke yake, uso umetulia kabisa kana kwamba hauhusiki. Na mama wa Mbarara alikuwa amekaa kwenye viti vya mbele, amejitanda shuka lake, mgongo umenyooka, hacheki. Koko hakuangalia ngoma hata kidogo. Alimwangalia yule mama tu, mpaka akanifinya.

"Ona kidole chake juu ya goti. Kinacheza. Uso unaweza kudanganya, kidole hapana."

Jioni ile tulikaribishwa kwao, nyumba ya pembeni mwa mji iliyo na zizi nyuma. Koko alisema "Agandi" yake, ikapokelewa vizuri, hata mama akatabasamu. Ukumbini kulikuwa na mahali palipoinuka kidogo, pametandikwa kitambaa cheupe pepepe, na juu yake vimepangwa vyombo vya mti vilivyofunikwa vifuniko vya kusuka. Koko akaona pale ndipo pasafi kuliko pote mle ndani. Na zawadi bora si inawekwa mahali bora? Akapeleka kikapu chake kwa mikono miwili, akakiweka katikati ya vile vyombo, akafungua kitenge ili ndagala zionekane, akarudi nyuma akingoja vigelegele.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Yule mama aliinuka, akaanza kutoa vile vyombo kimoja kimoja kuvipeleka nje. Harufu ya ndagala ilijaa ukumbi mzima. Shemeji mtarajiwa aliangalia viatu vyake. Mimi nikaona koko anavyopandisha kidevu, nikajua hapa sasa tutarudi Nakivale kwa miguu.

Mzee wa jeshi ndiye aliyetuokoa na Kiswahili chake cha kambi ya Makenke. "Mama, wewe hapana kasirika. Hizo vyombo iko ya maziwa. Kwa sisi, maziwa na samaki hapana kaa pamoja. Kama mtu nakula samaki, siku hiyo hapana kunywa maziwa. Ng'ombe naumia. Iko mambo ya wazee ya huyu mke yangu. Mama yake mpaka kufa hapana gusa samaki."

Koko alisikiliza mpaka mwisho. Akachukua kikapu chake mwenyewe, akakitoa nje, akakitundika kwenye mti wa parachichi mbali na zizi, akarudi kukaa. Wakati huo mama alikuwa amerudi na chombo kimoja cha mti. Nadhani alitaka yaishe, maana kwao kumpa mgeni maziwa ni kumwambia wewe ni wetu. Akampa koko kwa mikono miwili.

Koko akakipokea. Akakiinua. Halafu akamrudishia.

Rafiki yangu, kukataa maziwa kwa watu wale ni kumtemea mtu mate usoni. Dada alitoa sauti ndogo, akajifunika uso na kitenge. Nilimchukia koko kabisa dakika ile, nakuambia ukweli.

"Mama," koko akasema, "leo mchana mi nilikula samaki. Yako haya maziwa ni mazuri, lakini nikikunywa, ngombe yako itaumia juu yangu. Siwezi. Unichungie ya kesho. Kesho sitakula samaki, batoto bangu nabo hawatakula, na tutakuja kukunywa."

Mzee akatafsiri, polepole, kwa Kinyankole. Mama alimwangalia koko, akafunika chombo chake. "Kesho mimi nangoja," akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza, na tukaondoka kwenda kulala kwa Wakongomani wenzetu mjini.

Sasa usicheze na Jumapili ile! Ibada ya watu wa kwetu mjini ilikuwa ndefu na tamu, kwaya juu ya kwaya, na baada ya ibada wakaandaa chakula cha kuwakaribisha watu wa Nakivale. Walipika nini? Samaki! Sato wa kukaanga, mkia unatoka nje ya sahani, na mchuzi wa nyanya na pilipili. Kwetu mtu wa ziwani haambiwi karibu kwa maharage. Wenyeji walimbembeleza koko, wakamlaumu, mama mmoja akamuuliza kama anadhani samaki wao ni wachafu. Na koko, ambaye alizaliwa juu ya samaki, aliyekuwa akisema siku bila samaki ni siku ya msiba, alikaa mbele ya ile sahani akala bugali na chumvi. Bugali na chumvi! Mimi nilinyoosha mkono kidogo tu kwenye mkia, akanichapa. "Na wewe pia. Unataka kuharibia yaya yako?" Yaya kwetu ni dada mkubwa. Nilikula nikilia. Dada hakula chochote.

Mchana tulirudi kule. Koko alinawa mikono pale bombani, akanawa mdomo, akatunawisha na sisi, yule mama akituangalia kutoka mlangoni. Vyombo vilikuwa vimerudi kwenye kitambaa cheupe. Mama akachagua kile kile cha jana. Maziwa yalikuwa mazito, yananuka moshi, maana chombo hufukizwa kwa nyasi. Na uelewe kwamba koko hakuwahi kunywa maziwa matupu, kwetu maziwa yaliishia kwenye chai. Lakini aliyanywa yote, mwendo mmoja, macho amefumba, koo likipanda na kushuka. Akarudisha chombo kitupu kwa mikono miwili. Tumbo lilimlipiza njia nzima ya kurudi Nakivale, lakini pale ukumbini alisema tu, "Aksanti, mama. Ni mazuri."

Basi yule mama akacheka. Alicheka mpaka shuka likamteleza begani. Akamwita dada akae karibu yake, akamwambia kwa Kiswahili kile cha kuokoteza, huku anaelekeza kidole uani kwenye parachichi: "Hiyo samaki yako iko pale. Mimi hapana kula. Lakini ukija kukaa hapa, mimi natafutia wewe chungu yako, napika nje."

Ukija kukaa hapa. Kila mtu alisikia. Koko alipiga kigelegele mpaka ng'ombe wakageuka.

Na mama wa Mbarara alilitimiza neno lake. Siku ya harusi, baada ya mablanketi na masufuria, yule mama alileta mwenyewe chungu cheusi chenye kifuniko, akakiweka mbele ya dada. Chungu cha samaki. Kilikaa uani miaka yote, na siku dada alipokitumia hakugusa maziwa mpaka kesho yake. Hakuna aliyemlazimisha. Mama mkwe naye, akisikia harufu, alipitia mlango wa mbele bila kusema neno, na siku dada alipougua, ni yeye aliyekipulizia chungu kile moto uani.

Sasa koko amelala Nakivale, na mama wa Mbarara alimfuata kabla mahindi ya mwaka huo hayajavunwa. Wacheza ngoma wa kikundi cha dada walipanda ndege, huyu Kanada, yule Amerika, wananitumia picha za theluji. Zizi limekuwa nyumba ya kupangisha. Chungu kilipasuka siku jiko lilipohamia ndani, na dada alilia watu wakamshangaa. Sidhani kama ng'ombe yeyote anaumia kwa ajili ya friji ile. Ila nakumbuka wanawake wawili wasiojuana lugha, mmoja akala bugali na chumvi kwa ajili ya mwenzake, na mwenzake akamtafutia mjukuu wake chungu. Jambo hilo silikubali lifie kwenye rafu.

Nikairudisha glasi kwa binti ya dada, kwa mikono miwili.

"Nichungie ya kesho," nikamwambia. "Leo nimekula samaki."

Alicheka, akadhani ni mambo ya tumbo. Dada, aliyekuwa anaosha vyombo, alifunga bomba, akageuka, na macho yake yalikuwa yamejaa. Akamvutia binti yake kiti.

"Kaa," akasema. "Mama yako mdogo atakueleza."