Tundu Katika Pikapu ya Nahimana

Kalume wa Rooty Hill, pembezoni mwa Sydney, hakusomea ufundi darasani. Redio alijifunzia kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwa kufungua zilizokufa na kuzibembeleza mpaka ziseme tena. Hata sasa, akiwa mtu wa kupanga maboksi ghalani siku tano za wiki, Jumamosi yake ni ya redio za magari ya watu. Sheria yake ni moja, na mkewe Léonie anaijua kama sala ya mezani: sikia kwanza, toboa baadaye. Antena huibandika kwa utepe juu ya paa, redio ishike sauti, ndipo drili iguse bati.

Jumamosi ile sheria ilivunjwa, na aliyeivunja ni yeye mwenyewe.

Saa tatu asubuhi aliingia uani Nahimana, Mrundi mpole, baba wa watoto wanne, na pikapu nyeupe ambayo plastiki ya viti ilikuwa bado haijabanduliwa. Yuti, kama wasemavyo wenyeji. Nahimana alikuwa na kazi kwenye mashamba ya pamba ya Bourke, mwendo wa saa tisa kwa gari. Kila baada ya wiki mbili anakwenda na kurudi, peke yake. Mkononi alishika boksi alilotumiwa na mdogo wake Blaise kutoka Ohio, Marekani: redio ya setilaiti na antena yake, kiduara cheusi kama kifuniko cha chupa ya maziwa.

"Fundi, hii ni zawadi ya damu yangu," alisema. "Nataka ikae kabisa. Kubandika-bandika sitaki."

Blaise mwenyewe alikuwepo, kwenye simu, uso umejaa kwenye kioo. Kule kwao ilikuwa Ijumaa jioni. Naye ana redio kama hiyo, na akaiwasha garini mwake ili fundi wa Sydney aone. Muziki ukajaa ua mzima.

"Unasikia, yaya, kaka yangu? Mpaka jangwani inaimba! Huyo fundi wako anazunguka-zunguka nini? Anaogopa gari?"

"Haogopi, anapima," alijibu Nahimana.

"Apime nini tena? Mimi nimeshapima! Mbingu si ni moja?"

Kalume alikuwa na utepe mkononi tayari. Lakini fikiria: mtu aliyefufua redio za kambi nzima, aitwe mwoga mbele ya mteja? Na maneno ya Blaise, ukiyatazama upesi, yalikuwa na akili. Setilaiti iko juu, na juu ni kumoja. Akautia utepe mfukoni, akachukua drili.

"Papa Ketsia," Léonie alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, kutoka dirisha la jikoni, "umesikia kwanza?"

"Nimesikia!"

"Umesikia wapi?"

"Ohio!"

Wakacheka wote, na drili ikalia.

Kazi ilikuwa safi, hilo hakuna wa kulikana. Tundu la mviringo, kingo zimesuguliwa na kupakwa rangi, mpira wa kuzuia maji umekaa sawasawa, waya umepita chini ya kitambaa cha dari hadi kwenye dashibodi bila kuonekana. Kalume akawasha redio. Kioo kikaandika kwamba kinatafuta.

Wakaitoa pikapu chini ya mkaratusi. Kinatafuta. Wakaenda kwenye maegesho ya stesheni, penye anga tupu. Kinatafuta. Blaise akasema wangoje kidogo. Baadaye akasema simu yake inaisha chaji.

Hapo ndipo Kalume alipoyakumbuka madishi. Aliwahi kumsaidia jamaa mmoja kufunga madishi juu ya nyumba za Auburn. Dishi la Mturuki hutazama huku, la Mlebanoni hutazama kule, na yako matangazo ambayo hata ulizungushe dishi mpaka lichoke, kutoka Sydney huyapati. Setilaiti ni kama taa, humulika chumba ilimotundikwa. Hii ya Blaise ilikuwa inawamulikia watu wa huko Marekani. Alilijua jambo hili. Alilijua tangu zamani, na bado alitoboa.

Angeweza kusema redio ni mbovu. Angeweza kumtupia Blaise lawama zote, na Blaise hayupo. Alizima redio, akamgeukia Nahimana.

"Ndugu yangu, haitashika. Leo wala kesho. Ningesikiliza kwanza ningejua. Nimekutobolea gari bure."

Nahimana hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu angepandisha. Alishika usukani kwa mikono miwili huku gari limesimama.

"Unajua kwa nini niliitaka?" alisema mwishowe. "Kutoka Nyngan kwenda Bourke, barabara haina kona. Simu haishiki. Mwezi uliopita nilifumbua macho, magurudumu yako kwenye changarawe. Sijui nililala kwa muda gani. Mke wangu sijamwambia. Nilijisemea, nikipata sauti ya mtu garini, nitafika."

Sasa tundu halikuwa tundu tu.

"Na Jumatatu unaondoka tena?" Kalume aliuliza.

"Alfajiri."

"Basi sauti utapata. Lakini hii itataka na wewe useme."

Wakaenda Blacktown, kwenye duka la vifaa vya magari, wakarudi na redio ya mawasiliano, ile ya kubonyeza na kuongea, wanayotumia madereva wa malori. Safari hii Kalume aliibandika antena ndefu kwa utepe, akaunga waya, akasikiliza kwanza, Léonie akimsimamia mikono kiunoni. Kisha ndipo akakitoa kile kiduara, akapanua tundu kidogo likapokea mguu wa antena, akakaza nati.

"Chaneli arobaini ni ya barabara kuu," alieleza. "Wote wako humo, mchana na usiku. Ukiona macho mazito, bonyeza."

"Niseme nini? Kiingereza changu ni cha shambani."

"Na wao ni madereva, si maprofesa. Sema redio cheki, yaani, mnanisikia?"

Wakasogea mpaka karibu na barabara kuu. Nahimana alishika kile kipaza sauti kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani. Akabonyeza, akaachia, akabonyeza tena.

"Redio cheki," alisema, kwa sauti ya kuomba radhi.

Mkwaruzo. Halafu sauti nene ya mzungu mmoja, ya mtu aliyekaa sana barabarani: "Nakupata vizuri, mwenzangu. Unaelekea wapi?"

"Bourke. Jumatatu."

"Ala! Mbali huko. Mimi ndiyo natoka huko huko, ng'ambo ya Dubbo, naingia Sydney; tangu usiku wa manane niko kwenye usukani."

Kalume alimwona Nahimana anakaa wima. Kiingereza kile cha shambani kikatoka bila kutafutwa.

"Ndugu, umelala?"

Redio ikakwaruza tena.

"Nikwambie kweli? Si vya kutosha."

"Basi usiizime redio," alisema Nahimana, akavuta mlango ukafungika. "Ongea na mimi mpaka ufike. Una watoto wangapi?"