Mama Masikio na Cherehani ya Mjane

Majirani humwita Mama Masikio, na jina hilo amelipokea kwa mikono miwili. Ni mshauri nasaha. Riziki yake ni kusikiliza watu waliolemewa moyoni. Siku hizi huwaona kwa simu ya video, na ofisi ni chumba chake cha kulala. Simu huegemea kopo la majani ya chai, na mlangoni huning'iniza blanketi zito lizuie sauti. Mumewe hupita koridoni akinyata. Humtania kwamba mwizi akija saa za kazi, watapishana naye wasisikiane.

Sheria yake ilikuwa moja tu: kimya, huku na kule. Ndiyo maana siku ya kwanza alimwomba mshonaji mmoja, mjane wa miezi mitatu anayeishi na mama mkwe, aache kushona wakizungumza. Yule akatii. Wiki nne zikapita, na kila akiulizwa, jibu ni lile lile: nashukuru, niko salama. Huku mashavu yakizidi kubonyea.

Wiki ya tano, Mama Masikio akaona kitu. Kabla ya kila jibu, macho ya mjane yalikimbilia kushoto kwanza. Ofisini angefunga mlango mwenyewe, mambo yakaisha. Kwenye simu anaonyeshwa uso tu. Aliyeketi pembeni haonekani. Na kimya alichokidai ndicho kilichompa huyo wa pembeni nafasi ya kusikia kila neno la mjane.

Hakubabaika. Mjane alikuwa amevaa visikilizio masikioni, kwa hiyo sauti ya mshauri ilimfikia peke yake.

"Mwanangu, usinijibu. Kama kuna mtu hapo, shika ukosi wa blauzi yako."

Mkono ukapanda taratibu hadi kwenye ukosi.

"Basi kosa ni langu. Kanyaga cherehani, uniambie."

Cherehani ikaanza kurindima. Mjane akainama juu ya kitambaa, mdomo karibu na simu. Maneno mengine yalimezwa na kelele. Mama Masikio akaomba yarudiwe, mara mbili, mara tatu, bila haraka.

"Sijalia tangu tumzike," mjane alisema. "Mama mkwe ana presha. Nikilia, naye ataanguka. Namwogopea, mama."

Alishona kipande kizima bila kukiangalia, machozi yakidondokea uzi. Mwishoni Mama Masikio alimuuliza ni nani wa kumwambia mama mkwe haya yote. Mjane akasema atamwambia mwenyewe.

Wiki iliyofuata cherehani ilikuwa kimya, na kwenye simu walibanana wawili. Macho ya mjane hayakukimbilia popote.

"Nilikuwa nakaa pale pembeni nimchunge," mama mkwe alisema. "Kumbe yeye ananichunga mimi. Tumelia juzi, mchana kutwa. Na presha yangu, mshauri, haijapanda hata chembe."

Mama Masikio akawaomba wasogee nyuma kidogo, awaone wote vizuri.